Aungaye Picha Ni Shahidi?

Kazi yangu hapa Kolwezi ni kuhariri video za harusi. Natoa sura ya mjomba aliyenuna, nabandika bibi anayepiga vigelegele. Kila picha ni ya kweli. Uongo umo katika mpangilio.

Johan Grimonprez, katika filamu yake ya 2024, *Soundtrack to a Coup d'Etat*, amechukua picha za zamani, mwanajazi Louis Armstrong na tarumbeta lake, kiongozi wa Kisovieti Khrushchev akigonga meza Umoja wa Mataifa, akaziunga hadi zikawa kesi ya mauaji: ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa huku kwetu Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Je, aungaye ni shahidi au hakimu? Kwangu ni wakili: ana ruhusa ya kuchagua ushahidi, ila asifiche anamtetea nani. Hukumu, ewe mtazamaji, usimwachie yeye.