Nyumba ya Mfalme ni Kazi ya Nani?

Bweranyange, wilayani Karagwe, ilikuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Bahinda. John Hanning Speke alimkuta hapo Mfalme Rumanyika mwaka 1861, na Henry Stanley mwaka 1876. Stanley alionyeshwa nyumba ya hazina: msonge wa nyasi uliojaa silaha na sanamu za madini, zikiwamo za ng'ombe. Baadhi ya vyuma vya hazina ya Karagwe vipo hadi leo. Nyumba ilioza, kwa kuwa nyasi haina budi kuoza, na aliyeiezeka hakuandikwa.

Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo wanafalsafa huliuliza kwa mfano wa jahazi lililobadilishwa mbao zote: kitu kilichofanywa upya ni kilekile? Kwa mjenzi wa ikulu swali lina upande wa pili. Kama nyumba huezekwa upya kila baada ya miaka kadhaa, basi ni kazi ya nani?

Ufaransa hujibu kwa jina. Ukumbi wa Vioo wa Versailles, ulioanzwa 1678, husemwa kuwa wa Jules Hardouin-Mansart (1646–1708), msanifu mkuu wa Louis XIV. Jibu hilo ni jepesi mno. Jina la Mansart alilirithi kwa François Mansart, ndugu yake wa kizazi cha babu na bibi zake. Kanisa la ikulu alilolianza 1699 lilikamilishwa 1710, yeye akiwa amekwisha kufa, na shemeji yake Robert de Cotte. Baadaye cheo cha msanifu mkuu kilishikwa na Jacques Gabriel, kisha mwanawe Ange-Jacques mwaka 1742. Ukoo ulikuwapo na huko. Tofauti ni kwamba Wafaransa walikuwa na michoro, hesabu za hazina na, tangu 1671, chuo cha kifalme cha usanifu, kwa hiyo mkono wa mtu mmoja ungeweza kutengwa na mikono mingine.

Buganda, jirani wa Karagwe upande wa kaskazini-mashariki, ilijibu bila karatasi. Kasubi, jijini Kampala, kuna Muzibu Azaala Mpanga, nyumba ambayo Kabaka Muteesa I aliijenga 1882 kama ikulu, na akazikwa humo 1884. Makabaka watatu wa baadaye, Mwanga II, Daudi Chwa II na Muteesa II, wamelala hapo pia. Kuezeka ni haki ya ukoo wa Ngeye, na kupamba ni ya ukoo wa Ngo. Duru 52 za dari huwakilisha koo za Buganda. Nyuma ya pazia la magome ya mti pana msitu mtakatifu, ambamo roho za wafalme hukaa. Ndiyo maana kazi ya fundi huzungukwa na miiko. Hapo kuezeka ni ibada.

Kwa hoja hiyo nyumba haikai katika nyasi wala nguzo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 zege na chuma viliingizwa ndani yake, na Waganda waliendelea kuiheshimu kama makaburi yaleyale. Moto wa tarehe 16 Machi 2010 uliiteketeza. Kama utakatifu ungekuwa katika vitu, ungeungua pamoja navyo. Wenye haki ya kuezeka walikuwapo, na kazi ikaanza tena.

Jibu hilo nalo lina gharama. Haki inapokuwa ya ukoo, fundi mwenye kipaji cha pekee humezwa na cheo, na hakuna atakayejua kamwe ni nani aliyefikiria kwanza kushusha paa lile hadi lifunike ukuta. Zaidi ya hayo, ukoo ukikatika, au utawala ukivunjika kama ulivyovunjika wa Karagwe, hakuna karatasi ya kumwelekeza mgeni. Kasubi iliepuka hayo kwa sababu ufalme wake ulirejeshwa 1993 na ukoo wa Ngeye ungali na waezekaji. UNESCO iliiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023.