Amana ya Kiti cha Chuo Kikuu

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakiisha kutangazwa na dirisha la udahili likiisha kufunguliwa, hutokea katika Tanzania jambo ambalo mtu asiyezoea hesabu za vyuo atalistaajabia. Kijana mmoja amepata A ya Historia, alama ambayo yamkini hakuipata mwingine shuleni kwao, lakini katika masomo mawili yaliyobaki ya tahasusi yake ameambulia ule ufaulu mdogo unaoandikwa S. Mwenziwe, aliyekaa naye darasa moja, amepata C moja na E moja. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, A huhesabiwa pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, na anayeomba shahada ya kwanza kwa njia ya kidato cha sita hutakiwa awe na ufaulu kamili katika masomo mawili, ambao jumla yake haipungui pointi 4. Basi yule wa C na E mlango u wazi kwake, walau kwa kiwango cha chini, maana kozi nyingi huongeza masharti yao wenyewe. Na yule wa A, ambaye pointi za somo lake moja zimezidi za mwenziwe kwa masomo mawili, hana budi kutafuta njia nyingine.

Wenye kanuni hiyo hawakukosa hoja. Chuo kikuu hakifundishi somo moja, na mwenye akili kali ya upande mmoja aghalabu hukwama anapotakiwa kusoma takwimu, uchumi na uandishi wa ripoti katika muhula mmoja. Lakini hoja hiyo, hata ikiwa sahihi, inajibu swali dogo tu, la nani atakayeweza kusoma. Nao wanaoweza kusoma huwa wengi kuliko viti vya kozi zinazogombewa, kama udaktari, hata likabaki swali kubwa zaidi ambalo hesabu haiwezi kulijibu peke yake: ni nani anayestahiki? Hapa ndipo watu wa dini na wa falsafa wanapopaswa kuingia, ingawa maofisa wa udahili, ambao nawahurumia kwa wingi wa kazi zao, huenda wasifurahi kuwaona.

Wengi wetu tutajibu kwamba anastahiki aliyefanya bidii, kana kwamba kiti cha chuo ni ujira wa jasho lililokwisha kutoka. Jibu hilo lina utamu wake, na mzazi aliyeuza ng'ombe kumlipia mwanawe karo hatakubali kuambiwa vingine. Lakini ukilipima halisimami. Bidii haionekani katika cheti. Kinachoonekana ni matokeo, nayo ni mchanganyiko wa bidii na kipaji, na mwalimu wa Hisabati aliyekuwapo au asiyekuwapo, na maabara yenye vifaa au yenye meza tupu, na taa ya kusomea usiku, na afya ya mama nyumbani. Ikiwa kiti ni ujira, tunamlipa mtoto mmoja kwa taa ya baba yake na kumkata mwingine kwa kiza cha kwao. Naona ni kweli zaidi kukiita amana. Mwalimu Nyerere, katika miaka ya mwanzo ya uhuru, alimfananisha anayesomeshwa na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akila kisha asirudi, huyo ni msaliti. Wanakijiji wale hawakumpa kwa sababu jana alilima kuliko wengine, walimpa kwa kutaraji kwamba atafika na atarejea. Na aya ya 58 ya Sura ya An-Nisaa imeziweka amri mbili bega kwa bega, ya kuzifikisha amana kwa wenyewe na ya kuhukumu baina ya watu kwa uadilifu, kana kwamba ya kwanza haitimii pasi na ya pili.

Tukikubali hayo, cheti hakiwi tena hati ya deni anayoidai mwenye nacho, bali huwa shahidi, na shahidi hupimwa kwa kile anachokijua. Cheti cha kidato cha sita ni shahidi mwema kwa kijana aliyetoka shuleni juzi; kwa muuguzi wa makamo aliyeiendesha zahanati ya kijiji tangu ujana wake hakina la kusema, maana kinaeleza habari za msichana ambaye hayupo tena. Ndiyo maana ipo milango kadhaa. Mwenye stashahada huulizwa GPA isiyopungua 3.0. Mtu mzima asiye na vyeti hivyo, maadamu umri wake umefika miaka 25, huweza kupimwa kwa mtihani maalumu, au kuleta jalada la kazi zake na kuhojiwa ili ujuzi alioupata nje ya darasa utambuliwe. Aliyepungukiwa kidogo hupitia kozi ya msingi katika Chuo Kikuu Huria, na aliyesomea Maskati au Nairobi hupeleka vyeti vyake Baraza la Mitihani vilinganishwe na vya hapa. Watu husema kwamba njia nyingi ni upendeleo, ati haki ni mizani moja kwa wote. Mimi nasema mizani ni moja maadamu kinachotafutwa ni kimoja, yaani uwezo wa kuibeba amana, hata wakiitwa mashahidi mbalimbali.

Tena wapo ambao shahidi wao haonekani kabisa kwa macho ya kawaida. Wanavyuoni wanasimulia kwamba kipofu, Abdallah bin Ummi Maktum, alimjia Mtume akitaka kufundishwa, naye Mtume wakati huo ameshughulika na wakubwa wa Makureshi, akitumaini kwamba wakisilimu hao wengi watawafuata; ikateremka Sura ya Abasa kumlaumu kwa kukunja uso. Kwa hesabu ya kidunia hakuna afisa wa udahili ambaye asingewatanguliza wale mabwana, kwa jaha yao na kwa manufaa yaliyotarajiwa kwao. Kipofu hakuwa na cheti ghairi ya shauku iliyomleta mbio. Baadaye akawa mwadhini wa Madina, na mara nyingine Mtume alipotoka safari alimwachia mji.

Lakini mashahidi wengi si dawa ya kila ugonjwa, na Tanzania ilikwisha kuijaribu dawa hiyo ikaona machungu yake. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Musoma, na pamoja na kuazimia elimu ya msingi kwa watoto wote, ikakata ile njia ya kutoka kidato cha sita kuingia moja kwa moja chuo kikuu. Tangu hapo mwombaji alitakiwa kwanza amalize Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na kisha aje na barua za mwajiri wake na za chama kumthibitisha kwamba ni mtu mwema na mchapa kazi. Nia ya azimio hilo ilikuwa njema, wala sikubaliani na wanaoicheka leo. Viongozi waliona Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, panazalisha mabwana wadogo wanaowadharau waliowalipia, wakataka kiti kipewe aliyekwisha kuonja kazi, awe amejua nchi yake inakwendaje. Na kwa mlango huo waliingia watu wazima, makarani na walimu, ambao utaratibu wa zamani ungewasahau.

Kasoro ilikuwa kwa shahidi. Mtu akitakiwa athibitishwe tabia na mkubwa wake wa kazi, kinachoshuhudiwa si akili wala uaminifu kwa umma. Aghalabu ni utiifu kwa mkubwa huyo. Fikiria karani wa bohari aliyegundua magunia hayalingani na daftari, akasema. Ni barua gani ataandikiwa na msimamizi wake aliyefichuliwa? Na yule aliyeona akanyamaza, akabeba mkoba wa bwana kila asubuhi, huyo barua yake itakuwa ndefu na yenye sifa tele. Amana ilikusudiwa kwa mkweli, na njia ikaelekezwa kwa mnyamavu. Na kwa wanawake madhara yalikuja upesi zaidi, kwa sababu miaka ile ya kazi iliangukia hasa umri wa kuolewa na kuzaa: idadi yao chuoni ikashuka, hata serikali ikalazimika baada ya miaka michache kuwaruhusu waingie moja kwa moja. Masomo ya sayansi na uhandisi nayo yakapungukiwa na waombaji, na katika miaka ya 1980 sharti lenyewe likaachwa. Wapo walioita ruhusa ile ya wanawake hisani. Haikuwa hisani hata kidogo, maana shahidi aliyemhukumu mwanamke kwa kalenda ya mwili wake hakuwa na lolote alilolijua kuhusu akili yake.

Gumu zaidi ni suala la kuongeza pointi. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwaongezea waombaji wa kike pointi 1.5, na Kenya nayo imewahi kushusha kidogo kiwango cha wasichana. Watetezi husema msichana aliyefikia alama fulani huku akichota maji na kulea wadogo zake ameonyesha zaidi ya mvulana wa alama ileile, na wanasema kweli. Wakosoaji hujibu kwamba pointi hizo huwafikia kwanza mabinti wa shule kubwa za mijini, ambao maji kwao hutoka bombani; na hao pia wanasema kweli, jambo linaloonyesha kwamba jinsia peke yake ni shahidi wa jumla mno. Walakini lipo la tatu ambalo pande zote hulikwepa: yuko mvulana aliyekosa kiti kwa nusu pointi, naye hakutenda kosa lolote. Kumwambia kwamba hakupoteza kitu ni uongo. Amepoteza, na haki yake ni kuambiwa sababu waziwazi, kama mtu mzima, badala ya kuandikiwa mstari mmoja kwamba hakuchaguliwa.

Na sababu hiyo sharti iwe inaweza kuthibitishwa. Ikiwa kiti ni amana ya kesho, basi kila njia ya kuingilia inadai kesho yake ikaguliwe: walioingia kwa stashahada, kwa mtihani wa watu wazima, kwa jalada la kazi, kwa pointi za nyongeza, wamemaliza wangapi, kwa daraja gani, na wanafanya kazi wapi. Vyuo vinazo kumbukumbu hizo. Majina yanaweza kufichwa, na matokeo yakabandikwa ukurasa mmoja pamoja na masharti ya mwaka unaofuata, mwombaji ayasome kabla hajalipa ada ya maombi.