Geji Haikujui

Injini ya pikipiki ya Suzuki GSX-R750 inapozunguka mara 10,000 kwa dakika, kila pistoni yake husimama kabisa zaidi ya mara 330 katika sekunde moja. Hufika juu, husimama, hugeuka. Hufika chini, husimama, hugeuka tena. Safari yenyewe ni fupi, milimita 48.7 tu. Nimezishika pistoni hizo nne viganjani, nyepesi kuliko zinavyoonekana, na kila mara najiuliza ni watu wa aina gani waliokaa wakaamini kwamba alumini inaweza kutumwa kazi ya namna hiyo na ikarudi salama.

Mmoja wao alikuwa mhandisi Etsuo Yokouchi. Pikipiki hiyo ilionyeshwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1984, ikaingia madukani 1985: nguvu za farasi 100 katika chombo cha kilo 176 kikiwa hakijatiwa mafuta wala oili. Wakati wengine wanakimbilia kupoza injini kwa maji, Yokouchi na wenzake waliichukua oili wakaipa kazi mbili, kulainisha na kupoza. Kuna vitundu vinavyoirusha chini ya vichwa vya pistoni, na mabomba yanayoipandisha nyingine mpaka kwenye silinda hedi. Ukishalijua hilo, huitazami tena ile taa nyekundu ya oili kwa macho yaleyale.

Ya kwangu ni ya miaka hiyo ya mwanzo. Iliachwa Dar es Salaam na mgeni aliyemaliza mkataba wake wa kazi, ikakaa bandani miaka mingi ikila hewa ya bahari. Nilipoipata, krenki haikukubali kuzunguka. Ringi za pistoni ya tatu zilikuwa zimeshikana na kutu ya silinda. Nikaihamishia barazani kwangu. Mke wangu alitoa masharti mawili tu: petroli isilale ndani ya nyumba, na masufuria yake yasiguswe.

Kufungua si habari. Mwenye spana nzuri na muda atafungua. Habari huanza pale kila kitu kinapokuwa kimelala juu ya kanga kuukuu, kimeoshwa, na inabidi uamue kipi kinarudi na kipi kimekwisha.

Chukua ringi. Unaiingiza peke yake ndani ya silinda, unaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili isikae upande, halafu unapima pengo linalobaki kati ya ncha zake mbili. Kifaa chake ni fila geji, yale mabati membamba yaliyoandikwa namba. Unayachomeka moja baada ya jingine mpaka upate linalopita kwa kukwaruza kidogo. Pengo likiwa dogo mno, ringi ikipata joto ncha zitagongana na silinda itachanika. Likiwa kubwa mno, moto utapenya kwenda chini na oili itapanda kwenda kuungua.

Kijana mmoja anayetengeneza bodaboda kijiweni kwetu, chini ya mwarobaini, alipita jioni akanikuta nimeinamia kazi hiyo.

“Shikamoo mzee. Hapo unapima nini?”

“Marahaba, fundi. Napima nafasi.”

“Mzee wangu, unapima hewa!”

Alicheka, lakini hakuondoka. Yeye injini ya pikipiki ya Boxer anaifungua na kuifunga wakati abiria amekaa kwenye benchi anasubiri. Ina silinda moja na valvu mbili, na mkono wake umeshazijua. Simdharau hata kidogo. Nusu ya mtaa wetu inafika kazini kwa sababu ya mkono huo. Ila yangu ina silinda nne na valvu kumi na sita, na nafasi inayoachwa kwenye kila valvu ni takriban sehemu ya kumi ya milimita. Mkono hauwezi kuijua.

Ringi nilizopata kwanza zilitoka duka moja la spea mjini. Pakiti ilikuwa nzuri, bei ilikuwa nzuri, na muuzaji alikuwa mtu wa maneno matamu. “Zitaingia tu, mzee. Zikipata moto zitajipanga zenyewe.” Ziliingia kweli. Geji ikasema pengo limepita kikomo cha kitabu, na si kidogo. Nilirudia upande wa pili wa silinda, nikajaribu silinda nyingine, nikaifuta ringi kwa kitambaa kana kwamba ni vumbi lililosababisha. Jibu lilikuwa lilelile.

Hapo ndipo nilipoanza kukipenda kile kijibati. Sisi tuliokulia kwenye foleni tunajifunza mapema kuuliza “nani yupo pale?” kabla ya kuuliza “kinatakiwa nini?” Fomu inayohitaji sahihi tatu hutoka na moja ukiwa umesoma na mwenye mhuri. Mtoto aliyekosa nafasi huipata baada ya simu moja. Tumezoea kiasi kwamba hatulioni tena kuwa jambo. Tunaliita utu, na mara nyingine ni utu kweli. Nami nimewahi kunufaika, sijifanyi malaika. Lakini geji haikujui. Haijui umelipa kiasi gani, umri wako, wala kwamba umeshawaambia marafiki Jumamosi utaiwasha. Hukupa jibu lisilo na chuki ndani yake. Nilikuwa sijakataliwa kwa usafi namna hiyo kwa muda mrefu, na nilishangaa kuona kwamba haiumi.

Isidhaniwe kwamba kupima ni mambo ya vitabu vya Wajapani. Silinda zilipohitaji kutanuliwa ili zipokee pistoni za saizi inayofuata, zilizozidi nusu milimita, nilizipeleka eneo la Gerezani kwa mkerezaji mmoja mwenye ovaroli isiyokumbuka rangi yake ya awali. Nikamwambia pistoni zimeagizwa nje, ziko njiani, yeye aanze tu. Akalisukuma bloku likarudi upande wangu wa meza. “Lete pistoni kwanza. Silinda inamfuata mvaaji.” Pistoni zilipofika alizipima moja moja kwa maikromita, akaziandika namba kwa chaki, na kila silinda akaitanua kwa ajili ya pistoni yake, akibakiza karibu sehemu tano za mia za milimita. Hakuniuliza mimi ni nani. Punguzo pia hakunipa.

Kufunga kulikwenda kama kulivyopaswa kwenda, na sina mengi ya kusema. Vitambaa viliziba matundu ya chini ili vile vibanio vidogo vya pini za pistoni visidondokee kwenye krenki. Mianya ya ringi iligeuzwa kila mmoja upande wake. Boliti za hedi zilikazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana yenye kipimo. Pini za cheni ya taimingi nilizihesabu kwa sauti. Kisha nikaizungusha krenki kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili, nikisikilizia kama kuna valvu inayomgusa jirani yake. Hakukuwa na kitu.

Baada ya hapo nilianza kukawia. Nilipima valvu nilizokwisha kuzipima. Nikakagua tena kipimo cha oili. Yule kijana alikuwa akija kila jioni sasa, na ndiye aliyesema, “Mzee, hewa imeshapimwa yote. Liwashe.” Alikuwa na haki. Mtu anaweza kujificha nyuma ya vipimo kama wengine wanavyojificha nyuma ya maombi, na hakuna bati katika ile fila geji linalokwambia umeshakuwa tayari.

Tukazitoa plagi zote nne, tukafunga petroli, nikabonyeza stata. Bila plagi injini huzunguka kwa wepesi, haina mgandamizo wa kushindana nao, na pampu hupata nafasi ya kuijaza njia ya oili kabla ya moto wowote kuwashwa. Taa nyekundu ilikaa. Nikapumzisha stata, nikarudia. Ikazima. Nadhani injini nyingi zilizofunguliwa nyumbani hufia katika hatua hii, kwa kuwa mwenyewe amengoja sana na sasa anataka kelele.

Plagi zikarudi, petroli ikafunguliwa. Ilikohoa, ikatema moshi wa ile oili tuliyopaka wakati wa kufunga, ikashika. Watoto wa jirani walipanda ukutani. Lakini ilikuwa ikitetemeka vibaya, na mimi nikaanza kufikiria kitabu, ukurasa gani, kipimo gani. Kijana akachovya vidole kwenye ndoo ya maji, akarashia mabomba manne ya ekzosi pale yanapotoka kwenye hedi. Matatu yakalia chwaa. La nne likabaki limelowa.

“Huyu hali,” akasema.

Tulifungua kabureta ya nne. Ile jeti ndogo ya mwendo wa chini ilikuwa imezibwa na masalia ya petroli ya zamani, utando wa rangi ya asali. Nilikuwa nimezisafisha zote, zikapita hewa zote; pengine kipande kilibanduka juu zaidi kikashuka. Tukaipuliza, tukairudisha, na safari hii mabomba yote manne yalilia. Bado zilibaki kabureta za kusawazishwa ili zivute sawa, na oili ya kumwagwa mapema kwa ajili ya vile vichembe vya chuma vinavyotoka ringi mpya zikizoeana na silinda.

Kijana alikuwa ameshapanda kitini, amekamata usukani, anazungusha mkono wa gesi kidogo kidogo huku anatabasamu. Mke wangu alitoka jikoni akasimama mlangoni, akaitazama kwa muda, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria jioni ile.

“Na inasimama?”

Breki zilikuwa bado hazijaguswa. Kalipa mbili za mbele, kila moja na pistoni nne, zote zimeganda. Nikamwambia kijana ashuke, nikaenda kulitafuta lile sanduku la spana.