Jani Lililoanguka ni la Nani?

Kila alfajiri, tangu Tanga hata Mtwara, baada ya jogoo na adhana husikika ufagio wa chelewa ukipita uwanjani. Uwanja uliofagiwa ni heshima ya nyumba. Mpita njia huziona alama za ufagio juu ya mchanga, akajua kwamba waliomo ndani wameamka na ni watu wenye staha. Mila hii ni njema, nasi hatukukusudia kuitweza. Lakini liko swali moja ambalo ufagio huo haujapata kuulizwa: hicho unachokifagia ni kitu gani, na ni mali ya nani?

Sehemu kubwa ya kinachofagiwa si uchafu wa mtu. Ni majani ya mwembe, ya mkorosho, ya mkungu na ya mwarobaini, yaliyodondoka usiku watu wamelala. Husukumwa pembeni, yakarundikwa, na jua likipanda hutiwa moto. Moshi wake umekuwa jambo la kila siku hata hatuuoni tena. Wala tusisahau kwamba ufagio wenyewe ni jani, maana chelewa ni uti wa jani la mnazi. Kwa hiyo kila asubuhi jani lililopata cheo hufukuza majani yasiyo na cheo.

Tuanze na neno. Rundo lile tumeliita taka. Neno hilohilo likiwa kitendo lina maana ya kuhitaji. Hatudai kuwa maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja. Kazi hiyo tunawaachia wanaisimu. Twasema tu kwamba sikio lililozoea vina haliwezi kuyasikia pamoja bila kushtuka, kwa kuwa kinachotupwa na kinachotakiwa vimevaa sauti moja. Na tukichunguza tutaona kuwa tofauti yao ni nyembamba kweli. Jani likiwa mtini saa kumi na moja alfajiri hakuna aliitaye taka. Watu husifu kivuli chake. Saa kumi na mbili limelala chini, limekwisha kuwa taka. Halikuongezewa kitu wala halikupunguziwa, ila limehama mahali. Basi uchafu haukuwamo ndani ya jani. Uliingia pamoja na jicho letu.

Hoja hii yaweza kuonekana ni mchezo wa maneno mpaka tuipeleke mahali penye njaa ya majani. Mahali hapo ni Kimbiji, kusini mwa Dar es Salaam, penye pwani ya Bahari ya Hindi, ambapo zamani palihesabiwa katika Temeke na siku hizi pamo katika Wilaya ya Kigamboni. Ni nchi ya minazi, mikorosho, miembe na mihogo, na ardhi yake kwa sehemu kubwa ni kichanga. Mvua ya mwambao huu hufikia na kupita milimita 1,000 kwa mwaka, nayo si haba; lakini kuumwagia mchanga mtupu maji ni sawa na kuyatia katika pakacha. Chini sana ya ardhi hiyo iko hazina kubwa ya maji, ambayo Serikali imeichimbia visima virefu. Juu yake mche wa mchicha hunyauka siku chache baada ya mvua. Mchanga hauna mikono ya kushikia maji wala chakula cha mmea. Mikono yake ni mboji, na mboji hutokana na vitu vilivyokufa: majani, mizizi, samadi. Katika udongo wa miteremko ya Kilimanjaro, mtu achomaye majani huenda akapitisha miaka asihisi hasara. Wa Kimbiji huhisi mapema.

Tuangalie basi moto unafanya nini. Moto ukilila jani, kaboni karibu yote na naitrojeni iliyomo hupanda na moshi. Hubaki majivu, yenye potasiamu, chokaa na fosforasi kidogo, nayo hufaa. Lakini hayana uwezo wa kuufunga mchanga ukashikamana, na sehemu yake kubwa huteremka na maji ya mvua mpaka mizizi isikoweza kufika. Jani likiachwa lioze, mambo huenda kwa namna nyingine. Huja mchwa, huja jongoo, huja kuvu na vijidudu visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kikitafuna palipoachwa na mwenziwe. Wahenga walisema kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake. Tunawaheshimu wahenga, ila kwa jongoo tunaona hawakumtendea haki. Yeye ni miongoni mwa wasagaji wakuu wa majani makavu, na bustani inayomtupa imejitupia mfanyakazi asiyedai ujira.

Watu wa pwani wamekuwa na ushahidi wa jambo hili nyuma ya nyumba zao siku zote. Ushahidi huo ni jaa. Ni nani asiyejua kwamba mboga ya maboga na mpapai huota jaani bila kupandwa, vikastawi kuliko vilivyopandwa kwa mstari na kunyweshwa kila jioni? Tumelila boga la jaani kwa vizazi vingi, na jaa tukaendelea kulidharau.

Wako watakaotujibu kwamba babu zetu nao walichoma. Ni kweli, na jibu hilo lastahili kusikilizwa. Mkulima wa zamani alifyeka pori, akalitia moto, akapanda katika majivu misimu michache, kisha akahama na kuliacha pori lirudi. Watazamaji wengi waliuona moto, wakaacha kuitazama ile miaka ya mapumziko iliyofuata. Katika miaka hiyo majani yalidondoka bila kufagiwa na mtu, na ardhi ikalipwa deni lake taratibu. Moto wa babu ulikuwa sehemu ndogo ya mapatano marefu. Sisi tumebakiza moto, mapumziko tumeyafuta. Baina ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya wananchi walihamishiwa katika vijiji vya kudumu, na miongoni mwa makusudio yake yalikuwa shule, zahanati na maji. Lakini mtu akikaa mahali pamoja, shamba nalo hukaa mahali pamoja, na kazi ambayo pori liliifanya kwa miaka kumi sharti sasa ifanywe kwa mikono. Siku hizi huko Kimbiji viwanja vinapimwa na kuzungushiwa kuta, hasa tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 1946 + 70, yaani 2016, na watu wa jiji wakaisogelea Kigamboni. Katika kiwanja chenye kuta hakuna mahali pa kuhamia.

Wala elimu ya kuilipa ardhi si ngeni katika nchi hii. Wamatengo wa Mbinga hukata nyasi, huzilaza zikikatana mfano wa miraba, kisha huzifunika udongo na kuacha mashimo katikati. Hizo ndizo ngoro, zilizowawezesha kulima miteremko mikali bila udongo kuporomoka. Wafipa hufukia nyasi katika matuta ya duara. Wahaya huzikata uwandani wakazitandaza chini ya migomba ya kibanja. Mwingereza Albert Howard, aliyefanya kazi Indore, India, baina ya 1924 na 1931, alipata sifa duniani kwa utaratibu wake wa kuozesha mabaki ya mimea pamoja na samadi, naye alijifunza mengi kwa wakulima wa huko. Mwaka 2022, bei ya mbolea ya viwandani ilipopaa duniani kote, Serikali yetu ilitoa ruzuku ili mkulima aimudu. Hatuibezi mbolea hiyo. Twasema kwamba hata yenyewe ikimwagwa katika mchanga usio na mboji, nyingi huoshwa na mvua kabla mmea haujaila.

Sasa turudi kwenye swali la mwenyewe. Mtu husema: mwembe ni wangu, majani yake ni yangu, nitayafanyia nipendavyo. Embe ni lake, hatubishi. Lakini jani lilijengwa kwa vitu vilivyovutwa ardhini, na mti wenyewe waonekana kuujua mkopo huo. Kabla ya kulidondosha jani huvuta sehemu ya naitrojeni iliyomo, ikarudi matawini kwa matumizi ya kesho, na kinachobaki hukirudisha chini. Kwa maoni yetu, jani lililoanguka ni la ardhi iliyo chini yake. Mwenye mti ni mdhamini tu. Na tukikubali hivyo, yatupasa tukubali na lile lisilotupendeza: hatuna ruhusa ya kwenda Pugu au Kazimzumbwi kuzoa majani ya msitu kwa magunia, ili kunenepesha bustani zetu. Huko ni kulipa deni la nyumba moja kwa kuiibia nyingine. Kadhalika majani ya mikoko, ambayo ni chakula cha kaa na viumbe vingine vya pwani.

Yapo pia madai ya haki kutoka kwa mwenye ufagio. Majani yakiachwa mlangoni hujificha nyoka na nge. Yakiegemezwa ukutani huita mchwa, na mchwa wa pwani hachagui baina ya jani na boriti. Kwa hiyo uwanja na ufagiwe. Ugomvi wetu si na ufagio, ni na kiberiti kinachoufuata. Na ufagio nao uwe na macho, kwa kuwa rundo la leo huchanganyika na plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa na vifungashio vingali vingi, navyo vikiunguzwa pamoja na majani, moshi huwa sumu kwa watoto waliosimama karibu na moto huo.

Watoto hao ndio wanaotutia wasiwasi zaidi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea alitaka shule iwe na shamba lake, na mtoto ajifunze kwa kulitumikia. Shule zetu nyingi zina bustani hata leo. Saa moja asubuhi wanafunzi hufagia majani na kuyachoma. Saa nne mwalimu wao huandika ubaoni neno rutuba. Jioni humwagilia mboga zenye rangi ya manjano. Hakuna anayeziunganisha saa hizo tatu. Tena mara nyingi kufagia majani hutolewa kama adhabu, na mtoto aliyeadhibiwa kwa majani atayaonaje kuwa mali? Mwalimu anayekagua usafi kwa kuangalia uwanja peke yake amekagua nusu. Nusu ya pili ni kuuliza yalikopelekwa.

Yafaa yapelekwe shimoni, chini ya kivuli. Majani makavu matupu yasifukiwe mbichi bustanini, kwa maana vijidudu vinavyoyaozesha huazima naitrojeni ya udongo, na mboga hugeuka manjano kwa muda. Yapangwe kwa matabaka pamoja na majani mabichi, samadi ya mbuzi au ya kuku, na maganda ya jikoni. Yanyunyiziwe maji mpaka yawe na unyevu bila kulowa, na yageuzwe mara kwa mara. Majani ya mkorosho na mwembe ni magumu na huchelewa, hivyo ni vema yapondwe kwanza. Ya mkwaju na mbaazi hulainika upesi. Shimo linalojazwa mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe, kwa kawaida huwa tayari vuli inaposhika mwezi wa Novemba, na hapo mboji yake nyeusi huchanganywa na kichanga kabla miche ya mchicha haijahamishwa kitaluni.