Subira Si Kuficha Ugonjwa

Nilipoanza chuo hapa Mbale, nilikuja na chupa mbili za insulini nimezificha ndani ya soksi. Mama alinisisitiza nijiandikishe kliniki kabla ya masomo kuanza. Sikwenda. Nilijiambia kunyamaza ni subira: Nabii Ya'qub (a.s.) hakumshitakia huzuni yake ila Mola wake, basi mimi ni nani hata niwatangazie watu kisukari changu?

Usiku mmoja nilijidunga sindano, usingizi ukanichukua kabla sijala. Sukari ikashuka. Wenzangu wa chumbani walinikuta natokwa jasho, natetemeka, naropoka. Walidhani ni jini. Wakanisomea Ayatul Kursiy huku wengine wakilia, na kopo la sukari liko mezani. Niliokoka kwa kuwa mmoja alininywesha chai tamu akidhani nina njaa.

Je, nani alikosea? Kisomo hakikuwa kosa, walifanya walilolijua. Mimi ndiye niliyewanyima kujua. Lau ningekufa, wangebeba maisha yao yote lawama isiyo yao. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kulalamika na kuarifu ni mambo mawili. Anayelalamika anaikasirikia kadari ya Allah. Anayearifu anatimiza haki ya jirani yake. Qur'ani ilipompa mgonjwa ruhusa ya kutofunga (2:184-185), iliutaja ugonjwa waziwazi, bila kuufanya aibu. Na Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake, kisha ndipo ategemee.

Wapo wanaosema maradhi ya mtu ni siri yake. Kweli, na si lazima chuo kizima kijue. Inatosha wajue wanaolala karibu nawe.

Leo akiba yangu ya insulini iko kwenye friji ya kliniki, kati ya nyuzi 2 na 8. Wenzangu wanajua: kipimo kikisoma chini ya 4, nipewe vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, nipimwe tena baada ya dakika 15. Nikizimia, nisitiwe kitu mdomoni, nikimbizwe hospitali. Wakitaka kunisomea, wanisomee njiani.

Ewe ndugu unayeanza mwaka wa kwanza na dawa begini, pita kliniki wiki hii, kisha mwambie mwenzako wa chumbani. Ngamia wako unamfunga pamoja naye.

Wallahu a'lam.