Kila Mtu Apewe Kilicho Chake
Kaulimbiu nyingi za mrengo mkali wa kulia, yaani siasa inayopima utu kwa damu na asili, ziliporwa kutoka katika urithi wa maadili. Ulpianus, mwanasheria wa Roma wa karne ya 3, alieleza haki kuwa ni nia thabiti ya kumpa kila mtu kilicho chake. Mwaka 1701 maneno hayo yakawa kaulimbiu ya nishani kuu ya Prussia, na hatimaye Wanazi wakayaweka kwa Kijerumani kwenye lango la Buchenwald, kambi ya mateso iliyofunguliwa mwaka 1937 karibu na Weimar, tena, kwa ukatili wa makusudi, yakielekea ndani ili wafungwa wayasome. Hans Kelsen, mwanafalsafa wa sheria aliyeondolewa chuoni Köln mwaka 1933, aliiona kanuni hiyo kuwa tupu, kwa kuwa haisemi kilicho cha kila mtu ni kipi. Hoja hiyo ni nzito, lakini haitoshi, kwani kabla ya kugawa chochote kanuni yenyewe humkiri kila binadamu kuwa mwenye kustahili, na Wanazi waliikana pale pale walipoiandika, maana walikwisha kuamua kwamba waliofungiwa humo hawakuwa watu.