Pikipiki ya Kwanza Ni ya Kujifunzia

Kijana anaponunua pikipiki yake ya kwanza, maswali dukani huwa yale yale: inakula mafuta kiasi gani, spea zake zinapatikana wapi, fundi wa mtaani anaijua, na ikishatumika itauzika kwa bei gani. Ni maswali ya mtu anayejua thamani ya shilingi, na majibu yake ndiyo yaliyozijaza barabara zetu Boxer na TVS, kuanzia Mbagala hadi vijiji vya korosho vya Newala. Sina ugomvi nayo. Linalokosekana ni swali moja ambalo muuzaji hana faida ya kuliuliza: je, huyu anayeondoka nayo anaweza kuisimamisha mtoto akikatiza ghafla mbele yake? Kwangu mimi swali hilo litangulie mafuta na spea. Pikipiki ya kwanza inunuliwe kama chombo cha kujifunzia, hata kama kesho yake inaingia kijiweni kutafuta abiria, na bei yake isitajwe bila kuhesabu ndani yake mafunzo, leseni na helmeti.

Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, walitoa matokeo ya kuchunguza ajali 900 za pikipiki, wakizifuata pale pale zilipotokea, Los Angeles na maeneo ya jirani. Ripoti ni ya zamani na barabara za kule si za kwetu, lakini mwili wa binadamu na gurudumu havibadiliki kwa kuvuka bahari. Zaidi ya nusu ya waliopata ajali walikuwa na uzoefu wa chini ya miezi 5 na pikipiki ile waliyopata nayo ajali, ilhali kwa jumla walikuwa wameendesha karibu miaka 3. Kwa hiyo ugeni hauishi siku mtu anapoweza kuachia klachi bila injini kuzimika. Kila pikipiki mpya humrudisha mtu ugenini. Asilimia 92 walijifunza wenyewe, au kwa ndugu na marafiki. Wala hawakuwa wakikimbia kama tunavyodhani: nusu yao walikuwa chini ya kilomita 48 hivi kwa saa kabla ya hatari kujitokeza, mwendo ulio ndani ya kikomo cha 50 tunachowekewa kwenye makazi ya watu.

Jambo zito kuliko yote katika ripoti hiyo ni breki. Walipobanwa na hatari, wengi walikanyaga breki ya nyuma mpaka gurudumu likagoma na kuserereka, huku ya mbele wakiigusa kidogo tu. Hapa kwetu kosa hilo limegeuzwa somo. Anayefundishwa jioni kwenye uwanja wa mpira huambiwa aiogope breki ya mbele kwa kuwa itampindua, naye humrithisha hofu hiyo atakayekuja kumfundisha. Ukweli ni kwamba dereva akishika breki, uzito mwingi huhamia mbele. Gurudumu la mbele hugandamizwa likaishika barabara, la nyuma hubaki jepesi. Kwenye lami kavu, breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Anayeikamata kwa pupa, au juu ya mchanga, au akiwa amekata kona, ataanguka kweli, na ndiyo sababu inastahili kufundishwa badala ya kukatazwa. Kuivuta polepole, kuikaza kadiri uzito unavyolalia mbele, pikipiki ikiwa wima na usukani umenyooka, ni kazi inayorudiwa mpaka mkono uifanye wenyewe. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki hupita karibu mita 14 kila sekunde. Anayepoteza sekunde moja akijiuliza ashike breki ipi amekwisha kuzimaliza mita hizo, na kusimama bado hajaanza.

Ukilikubali hilo, uchaguzi wa pikipiki unakuwa rahisi. Mnunuzi aikalie ikiwa imezimwa, nyayo zote mbili zikanyage chini vizuri. Aisukume, aigeuze mahali pembamba, aone kama anaimudu, maana hata ile ya cc 100 au 125 ina uzito wa zaidi ya kilo 100. Akinunua iliyotumika, namba za chesisi na injini zilingane na za kwenye kadi, na fundi asiyemjua muuzaji aikague. Wapo wanaosema ni hasara kununua ndogo wakati unajua utahitaji yenye nguvu, hasa kwa mtu wa kupanda milima ya Lushoto na magunia. Hoja hiyo ina uzito, nami simlaumu atakayechukua cc 150. Tatizo ni kuipakia tangu wiki ya kwanza. Mzigo mzito nyuma huipunguzia mbele uzito, usukani ukalegea, na yote ambayo mwendeshaji ameanza kuyazoea yakabadilika. Magunia yasubiri, na abiria pia.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, maana lina ukweli ndani yake. Ajali haina kinga, husema madereva, na mara nyingi mwenye kosa ni mwenye gari. Hurt naye alikuta kwamba katika ajali za pikipiki na gari, theluthi mbili zilitokea kwa sababu mwenye gari alimnyima mwenye pikipiki haki yake ya njia. Lakini kosa la mwingine haliondoi haja ya kujua kusimama, linaiongeza. Na kinga ipo. Mapitio ya tafiti 61 yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hii ni helmeti inayokaa sawasawa kichwani na kufungwa kidevuni, si ile inayoning'inizwa kwenye kioo cha pembeni mpaka trafiki aonekane.

Limebaki suala la fedha, na hapa siwezi kusema kijuujuu. Kuna mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe apate pikipiki, na kumwambia aongeze ada ya mafunzo ni kumgusa penye kidonda. Lakini mzazi huyo huyo ndiye atakayetafuta nauli na gharama za matibabu kijana akilazwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na safari hiyo ng'ombe wa kuuza hayupo. Wenye wajibu mkubwa kuliko yeye ni wanaotoa pikipiki kwa mkataba na vikundi vinavyokopesha. Mkataba tayari unataja hesabu ya kila siku, nani analipia oili na tairi, na nini kitafanyika hesabu ikikosekana. Haiwashindi kuongeza masharti mawili: pikipiki isikabidhiwe kabla ya leseni kuonekana, na helmeti mbili, ya dereva na ya abiria, zitolewe pamoja na funguo, gharama yake ikiingizwa kwenye hesabu kidogo kidogo kama inavyoingizwa bei ya pikipiki yenyewe.